Wakaguzi Wanakuja Kesho

Saa kumi na mbili asubuhi Madam Mkurugenzi alikuwa mlangoni kwa fundi cherehani, kilemba kimekaa upande, anagonga kama mtu anayeunguliwa na nyumba.

"Mwanangu, naomba mtoto."

"Tena?" Fundi alifungua mlango nusu. "Jana si ulimchukua?"

"Jana hawakuja. Leo ndiyo wanakuja, nimeambiwa na mtu wa ndani kabisa. Nisaidie, nitakufa mimi."

Fundi alisonya. Akasema mara mtoto ana mafua, mara hakulala vizuri. Kilo ya sukari ilipotoka mkobani, akamtoa. Mtoto alikuwa ameshaogeshwa na kuvishwa viatu.

Kwa Mama Pacha mambo yakawa yale yale, ila pale alipata wawili kwa mpigo. Ilipofika saa moja na nusu, Madam alikuwa anakatiza barabara na msafara nyuma yake, kama kuku mwenye vifaranga vya kuazima.

Kituo chake cha malezi kilikuwa na watoto sitini. Hivyo ndivyo serikali ilivyojua, na kwa watoto hao sitini ilileta ruzuku kila mwezi bila kukosa. Kwa miaka mitatu, aliyelala kwenye magodoro ya kituo ni paka wa mlinzi.

Watu wa mtaa hawakuwa vipofu. Akina mama waliokwenda kazini na watoto mgongoni, na wale waliofukuzwa kazi kwa sababu ya watoto hao hao, waliandamana na mabango mpaka wizarani. Ofisa aliwapokea vizuri, akawapa viti, akawaambia suala lao linashughulikiwa. Walirudi kimya na hawakuandamana tena.

Madam alicheka wiki nzima. "Hasira za mkizi," alimwambia mlinzi, "furaha ya mvuvi."

Kisha simu zikaanza.

"Madam? Mimi ni mtu wako wa wizarani. Usiulize jina, siku hizi simu zinasikilizwa. Kesho wakaguzi wanakuja."

Madam hakushangaa. Kwa bahasha alizopeleka kule, kutonywa ilikuwa haki yake.

Kesho yake hawakuja. Gari lao, sauti ilieleza jioni, lilipasuka tairi. Siku iliyofuata walipitia kituo kingine kwanza, wakamtoa mwenye kituo na pingu mkononi, wanawe wanatazama. "Bado wewe," sauti ikasema. Madam hakula siku hiyo.

Sauti hazikuwa moja. Leo kama ya mwanamume, kesho ya mwanamke, keshokutwa ya mtu mwenye makamasi.

"Unaona faida ya kuishi na watu vizuri?" Madam alimwambia mlinzi. "Wizara nzima inanipenda."

Tena watu hao wa wizarani walijua kazi. Mkaguzi mmoja, walimwonya, huonja maziwa, na yakiwa na maji anaandika. Madam akanunua maziwa mazito. Mwingine hunusa magodoro. Madam akayachoma ya paka, akaleta mapya. Wakasema walimu wa kukodi hujulikana upesi, maana hawajui majina ya watoto. Akaajiri wawili wenye vyeti, akawapa mikataba, akatia sahihi. Wakasema safari hii watafika jioni, kwa hiyo mtoto yeyote asiondoke kabla ya saa kumi na mbili. Akaongeza mayai ya saa kumi.

Siku moja mlinzi alikuwa akipanga vikombe. "Madam," akasema, "kwa nini tusiwe na kituo kweli tu, tukapumzika?"

"Wewe mzee! Unajua gharama ya kituo cha kweli?"

Mzee aliwatazama watoto waliolala, walimu wawili, mpishi na sufuria ya maziwa. Akaendelea na vikombe vyake.

Ilipofika Ijumaa, miguu ya Madam ilikuwa imevimba kwa kugonga milango. Watoto wengine walikuwa wameanza kumwita bibi, jambo lililomtisha kuliko wakaguzi. Jioni, akina mama walipokuja kuchukua watoto, wamechoka, wananuka sabuni ya kazi na mafuta ya mashine, akawasimamisha getini.

"Jamani, nisikilizeni. Mimi siwezi tena kuwafuata nyumba kwa nyumba. Kuanzia Jumatatu mwalete wenyewe. Kila siku. Mkininyima watoto, nafungwa."

Walitazamana. Mama Pacha alishusha pumzi kama mtu anayebebeshwa gunia.

"Kila siku, Madam? Na sisi tuna shughuli zetu."

"Najua, lakini nawaomba. Na majirani wenye watoto waambieni pia. Nahitaji sitini. Sitini kamili!"

"Haya," fundi akasema, shingo upande. "Ni kwa ajili yako tu."

"Mungu awalipe, wanangu."

Waliondoka wakiburuta miguu mpaka walipokata kona. Kwa fundi, watoto walikaa chini kuchezea vipande vya vitambaa, mama zao wakaizunguka meza ya kukatia nguo. Fundi akafunga mlango, akaweka simu katikati ya meza.

"Leo zamu ya nani?"

"Yangu," alisema Mama Pacha. Akabonyeza namba, akakohoa, akainenepesha sauti.

"Madam? Mimi ni mtu wako wa wizarani. Jumatatu wanakuja, na safari hii wanaulizia matunda."