Kioo Kilisema Mzima

Siku hizi daktari hamwoni mtu ambaye kioo cha afya cha nyumbani kwake hakijampa ruhusa. Kila asubuhi Sefu alisimama mbele ya kioo chao, nacho kikasema, “Mzima.”

Mkewe, Mwanaheri, aliona mengine: kichwa kikimuuma kila alfajiri, akitapika, vikombe vikimponyoka mkono wa kushoto. Alimpeleka hospitali, wakarudishwa mlangoni.

Baada ya miezi minne kioo kikawasha taa nyekundu. Daktari aliitazama picha ya ubongo, akashusha pumzi.

“Uvimbe umeshakuwa mkubwa, mama. Ungemleta mapema.”

“Nilimleta.”

Walipotoka, Sefu akamgeukia Mwanaheri kwa upole. “Asante kwa kunisindikiza, dada. Mke wangu ananingoja.”

Mwanaheri akamshika mkono. “Twende basi, tusimcheleweshe.”