Foleni ya Saa Kumi

Saa kumi na dakika mbili binti alitoka tena kwenye duka la pikipiki, akasimama ukingoni mwa barabara na kupunga mkono mara tatu. Mzee Taratibu, ndani ya gari lake ng'ambo ya pili, akalamba ncha ya penseli, akaandika kwenye daftari lake: "Ishara, mara tatu." Alipotazama kwenye kioo cha pembeni, foleni ilikuwa imeshafika kwenye kona.

Binti mwenyewe alikuwa wake wa kumzaa, na hilo ndilo lililomchoma. Miaka thelathini na mmoja aliendesha teksi, akamlisha na kumsomesha kwa usukani, na shukrani yake ikawa kwenda kuuza pikipiki, vitu vilevile vilivyomnyang'anya baba yake abiria mpaka akastaafu kabla ya siku zake. Tangu aajiriwe walikuwa wanaishia kwenye shikamoo na marahaba, na siku nyingine hata marahaba ilitoka kwa kuvutwa. Jina la Taratibu, kwa taarifa yako, alipewa na abiria waliochelewa.

Siku duka lilipofunguliwa alikwenda kuangalia. Si kumwangalia mtu, alijiambia, kuangalia tu. Aliegesha gari lake kuukuu la buluu pale kituoni kwake, mkabala na duka, alipongojea abiria miaka yote. Rangi ya kituo ilikuwa imefutwa barabara ilipopanuliwa, lakini kwake kituo kilikuwa kituo. Robo saa haikupita, magari yakarundikana, honi juu ya honi. Kesho yake vivyo hivyo. Sasa ilikuwa wiki ya tatu, kwenye barabara ambayo haikuwahi kujua foleni.

"Mzee, vipi hapa?" dereva mmoja alimuuliza akipita, uso umemkunjamana.

"Hata mimi nashangaa," Taratibu alimjibu kwa upole, akaandika namba ya gari lake.

Jioni alipita kwa kinyozi wa nyuma ya kona, ambaye foleni aliiona mkia tu.

"Wanaitengeneza makusudi," alimnong'oneza. "Mtu akikwama nusu saa, huku pikipiki zinamng'aria dirishani, akifika nyumbani anaichukia gari yake. Ndiyo biashara yao hiyo."

Kinyozi alikung'uta kitana. "Lakini juzi ulipolala na homa, mzee, njia ilikuwa nyeupe. Mpaka nikashangaa."

"Umeona, eh? Wanajua siku ambayo sipo. Kuna mtu anawapa habari zangu."

Siku ile ya homa, aliyejua ni mmoja tu, mkewe. Usiku ule walipokuwa wanakula alimtupia jicho la pembeni.

"Umeongea na mtoto leo?"

"Naongea naye kila siku. Kaniuliza kama umepona, na kama kesho utatoka na gari."

Taratibu aliweka kijiko chini. "Anataka kujua ili iweje?"

"Muulize mwenyewe. Ana mdomo, na wewe unao."

Hakumuuliza. Kesho yake binti alitoka amevaa kizibao cha njano, cha kung'aa kama cha askari wa barabarani, na mara hii alipunga mikono yote miwili. Kwa hiyo mambo yamefika kwenye sare, Taratibu aliwaza, akaandika. Kulikuwa na wakati binti aligeuka akamtazama moja kwa moja, kama anayetaka kusema neno. Taratibu akainamia daftari.

Ijumaa alivaa shati la kupigwa pasi, akalipeleka daftari ofisi ya barabara. Ofisa alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa bila kucheka.

"Mzee wangu, hili ni shtaka zito. Likithibitika, duka linafungwa na wafanyakazi wote wanakwenda nyumbani."

"Wote? Na wale wa mauzo?"

"Wote."

Taratibu aliweka mkono juu ya daftari. Alimkumbuka yule mtoto wa darasa la kwanza, aliyekuwa akipanda kiti cha mbele na kuwatangazia abiria kwamba dereva huyu ni wake. Alimwonea huruma, tena sana. Halafu akakumbuka mikono ile miwili inapunga, na akalisukuma daftari mbele zaidi.

"Andika," alisema. "Sheria haina mtoto."

Ofisa alifungua droo, akatoa bahasha. "Hakuna haja ya kuandika, mzee. Malalamiko yalikuwa mengi, tukaamua kupiga picha wenyewe kutoka juu ya paa. Hii ni ya jana, saa kumi na dakika mbili."

Taratibu aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Pikipiki zote zilikuwa ndani ya uzio, zimepangwa, hakuna hata moja iliyokanyaga lami. Mkia wa foleni ulikuwa kwenye kona, kama alivyoandika. Akaufuata kwa kidole, gari baada ya gari, kuelekea kichwani, mpaka kidole kikafika kwenye gari kuukuu la buluu lililosimama katikati ya njia, kiwiko nje ya dirisha, daftari juu ya usukani. Pembeni yake, ndani ya kizibao cha njano, binti alikuwa anayapitisha magari ya watu moja moja.

"Tulitaka kulivuta gari hili tangu wiki ya kwanza," ofisa alisema, akifuta miwani yake. "Ila huyu dada anakuja hapa kila asubuhi kutuomba tuliache. Anasema baba yake hana njia nyingine ya kuja kumwona."