Mlango wa Kanada

Bi Mwatum alikuwa akimenya muhogo barazani kwake Kengeja, simu ameiegemeza kwenye kinu, mwanawe akimsifia Kanada.

"Maji moto bombani, mama, umeme haukatiki. Sema ndiyo, nikutumie tiketi."

"Na majirani?"

"Miaka sita hajaja mtu kunibishia hodi. Raha tupu!"

"Raha ya kaburini hiyo!"

Kijana akacheka. Mara, humo simuni, nyuma ya mlango wake wenye makomeo matatu, sauti ya bibi kizee ikaita kwa Kiswahili: "Hodi."

Kijana akaweka kidole mdomoni, macho yakimsihi mama anyamaze.

Lakini kwa Bi Mwatum hodi haijapata kukosa jibu.

"Karibu," ulimi ukamponyoka, "pita ndani."

Komeo la juu likafunguka lenyewe.