Gramu Nne za Mkaa

Mkemia aliupima mkaa mara ya tatu huku amebana pumzi. Gramu nne zilikuwa zimetoweka tena, na uvundo wa chumba ulikuwa umemkaa kooni.

Alimtupia jicho la pembeni Mzee Tanuri, kama maabara nzima ilivyomwita. Mzee alikuwa ameinamia tanuri lake, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Miezi minane walikuwa wamekaa chumba kimoja, na miezi minane mkemia wa watu alikuwa anaivumilia harufu ya mzee. Uvundo ule haukuwa na haya. Ulimfuata mpaka nyumbani, akawa anaoga mara tatu kwa siku na bado anausikia kwenye nguo. Mchana walikula wawili tu, yeye na mzee, kwenye meza ya watu kumi. Wenzao walishahamia upande wa pili, na nani angewalaumu?

"Mzee, huu mkaa unakwenda wapi?"

"Labda ni mzani, mwanangu."

Mzani ulikuwa mzima. Na mkaa wenyewe haukuwa wa jikoni. Fuwele zenye vitundu zililowekwa kwenye kimiminika cha sukari, zikaokwa bila hewa, kisha asidi ikaziyeyusha kama mtu anayevunja kalibu abaki na umbo la ndani. Baada ya wiki nzima ulibaki unga mweusi kiganjani, wenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Unga huo hunyonya gesi ikatulia kwenye mtungi wa gari linalotumia gesi. Hunyonya pia kila harufu inayopita, ndiyo maana mkemia hakuiacha chupa wazi hata dakika moja.

Alhamisi aliaga mapema, akarudi kwa kunyata, akachungulia kwenye kioo cha mlango. Mzee alikuwa anamimina mkaa kwenye kifuko cha kitambaa. Akakifunga kwa uzi, akakitia mfukoni. Mkemia alikunja pua. Mchafu wa mwili, na mkono nao mchafu.

Mkemia alimshtaki, na mkuu wa maabara akawaita wote wawili ofisini. Walipoingia tu, aliinuka akafungua dirisha. Afadhali naye kausikia, mkemia aliwaza.

"Umechukua kweli?" mkuu alimuuliza mzee.

"Nimechukua."

"Wa nini? Unauza?"

Mzee alimtazama mkemia, kisha akatazama sakafu. "Sina la kusema, bosi."

"Umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Nipe sababu yoyote nikutetee."

"Sina, bosi."

Jioni hiyo hiyo, akiwa amefukuzwa kazi, mzee alikusanya vitu vyake, akampa mkemia mkono wa kwaheri. Mkemia aliupokea kwa ncha za vidole, akaenda kunawa.

Jumatatu aliwahi kazini. Aliisugua meza ya mzee kwa dawa, akapiga deki, akafungua madirisha yote. Kisha akakaa kwenye kiti chake mwenyewe kwa raha zake, akisubiri hewa isafike.

Mama wa usafi aliingia na ndoo, leso puani, akasimama karibu na mlango.

"Nisamehe, dada, mzee alinikataza nisikwambie. Kila Ijumaa alikuwa ananipa kifuko kipya cha mkaa, nikifunge chini ya kiti chako. Sasa ameondoka, nani atanipa kingine?"