Inchi Ishirini na Nane

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, gurudumu la nyuma la baiskeli ya umeme lilikuwa likizunguka juu ya roli za kupimia, na namba mbili hazikukubaliana. Skrini ya kwenye usukani ilionyesha kilomita ishirini na tano kwa saa. Mashine ya mpimaji ilionyesha thelathini na tano.

Mpimaji alizima mota, akasubiri gurudumu lisimame, akarudia. Namba zilikuwa zilezile. Akarudia mara ya tatu, kwa kuwa kanuni inataka mara tatu, kisha akaandika.

Nje ya mlango, watu watatu walikaa kwenye benchi moja. Askari wa usalama barabarani, aliyeileta baiskeli. Mwenye baiskeli, mpeleka vifurushi wa miaka arobaini ambaye wenzake humwita Kobe. Na mwanamke mmoja fundi cherehani. Wiki tatu kabla, baiskeli hiyo ilimgonga mama yake kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Alifariki kesho yake.

Mpimaji alitoka, akawatajia namba.

"Thelathini na tano!" Askari aliguna. "Kobe gani anatimua mbio hivyo?"

"Afande, wananiita Kobe kwa sababu kijiwe kizima ni mimi tu sijafungua mashine ikimbie kupita sheria. Wenzangu wananipita wananicheka. Mimi macho yangu kwenye skrini. Ikisema ishirini na tano, basi ni ishirini na tano."

"Mama yangu hakugongwa na skrini," fundi cherehani alisema.

Kobe aliinamisha kichwa. "Dada yangu, pole. Breki nilishika kwa mikono yote miwili. Lakini muhuri sijaugusa. Upo mle ndani, mzee mpimaji afungue kifuniko auone. Kipimo hiki nimekiomba mwenyewe."

Hilo lilikuwa kweli. Ombi lilikuwa na sahihi yake.

Sheria ya mji ilikuwa fupi. Mota isizidi wati mia mbili na hamsini, mwendo usizidi kilomita ishirini na tano kwa saa. Kila baiskeli hufikishwa kituo cha vipimo, na mpimaji huingiza kipenyo cha gurudumu kwenye kidhibiti cha mwendo, kwa kuwa kidhibiti hakioni barabara. Huhesabu mizunguko tu. Kisha hukifunga kwa waya na muhuri wa madini ya risasi, juu yake kifuniko cha skrubu nne. Anayekata muhuri akaua, jela miaka saba. Ambaye muhuri wake ni mzima, kosa la mwendo hana.

Saa tano siku hiyohiyo, baraza la mji lilikuwa lipige kura. Chama cha wapeleka vifurushi kilitaka kikomo kipandishwe hadi arobaini na tano: malori yanatusukuma, walisema, na hiyo mihuri ni mapambo. Mpimaji ndiye aliyekuwa shahidi wa mwisho wa upande wa pili. Tangu mihuri ianze, vifo vivukoni vilikuwa vimeshuka kutoka thelathini na moja kwa mwaka hadi tisa. Hesabu hiyo aliikusanya yeye, kifo kwa kifo, na hakuna aliyewahi kuikuta na kosa.

"Mzee," Kobe alisema, "mke wangu ananiuliza leo nalala nyumbani au wapi. Nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri. Mashine haina shemeji."

Kobe alicheka, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Akamgeukia askari. "Umesikia? Ndiyo maana nikataka nipimwe na huyu."

Mpimaji alisukuma baiskeli hadi chumba cha nyuma, ambamo muhuri hukaguliwa na ambamo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuingia kabla hajaitwa. Akafungua skrubu nne.

Muhuri ulikuwa mzima. Waya haukuwa na mkwaruzo. Namba 0417, na alama ya koleo lake mwenyewe. Kobe hakuwa amedanganya hata neno moja.

Aliunganisha kompyuta na kidhibiti, akasoma kipenyo kilichoingizwa: inchi ishirini. Akalipima gurudumu: inchi ishirini na nane. Akafanya hesabu kwenye karatasi, ingawa hakuihitaji karatasi. Ishirini na tano mara moja nukta nne ni thelathini na tano.

Akatoa daftari rafuni. Siku ya muhuri huo, kampuni moja ya barua ilikuwa imeleta baiskeli kumi na sita za kukunja, zote za magurudumu madogo: namba 0401 hadi 0416. Baada ya hizo, dakika chache kabla ya mapumziko ya mchana, baiskeli moja ya mtu binafsi. Safu ya kipenyo ilikuwa kwa mwandiko wake ulionyooka: 20, 20, 20, mpaka mstari wa mwisho, wa 0417.

Simu iliita. Alikuwa katibu wa baraza.

"Mzee, huku wameanza maneno. Wanasema mihuri yetu haiaminiki. Hilo daftari lako unalo?"

"Ninalo mkononi."

"Basi njoo nalo, walione kwa macho yao."

"Nitakuja nalo."

Saa tatu na dakika thelathini na nane, mpimaji alichukua kalamu, akaongeza kiduara kimoja juu ya sifuri ya mwisho. Wino ulipokauka, akachukua koleo.

Saa tatu na dakika arobaini na moja, alifungua mlango na kumwita askari aje kushuhudia muhuri uliokatwa.