Fomu ya Fundi

"Macho hayana skrubu," fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Niyatazame ya nini?"

Mtafiti akaandika: Hatazami watu machoni. Akashusha pumzi. Mtafiti huyu, mama wa makamo, alikuwa ameingia dukani dakika kumi zilizopita, akasema anamtafuta mtoto wa kliniki, yule aliyeletwa kwao kwa ajili ya usonji akiwa na miaka mitatu. Fomu yake ilikuwa na namba tu, haina jina. Alipomwona fundi akipanga skrubu za cherehani kwa ukubwa, mistari minne iliyonyooka, alivuta kiti akakaa mbele yake na kuanza kuuliza. Naye fundi ni mtu wa kujibu alichoulizwa, basi.

Dada yake, anayepokea wateja, alikuwa amemkaribisha mgeni kwa bashasha. Sasa aliegemea kaunta akisikiliza, midomo ikimcheza.

Fomu yenyewe haikuwa ya mchezo. Kliniki ilitaka kujua watoto wake wa miaka ile wamekuwa watu wazima wa namna gani, ndipo iamue kama wadogo wa leo wafunzwe vilevile: tazama macho, tabasamu, tuliza mikono, kila ukifaulu peremende moja.

"Una marafiki?"

"Mmoja. Na anaongea sana."

Akaingia mteja, uso umemkunjamana, cherehani yake haijawa tayari. Dada akamtazama usoni, akamuulizia wanawe mmoja mmoja, akamchekesha mpaka akasahau alichokuja kulalamikia. Mteja alipotoka, dada akatia peremende mdomoni, akapotea nyuma ya pazia.

"Kila mteja, peremende moja na pazia," fundi alisema. "Meno yatamwisha kabla ya wateja."

Mtafiti akacheka. Punde dada akarudi, tabasamu lake likiwa mahali pake.

"Wewe mwanangu umejaliwa," mtafiti alimwambia. "Laiti watoto wetu wote wangetoka kama wewe! Lakini huyu ndugu yako, niseme kweli, kazi yetu kwake ilikwenda arijojo." Akamsogezea fundi kalamu. "Weka sahihi hapa, baba."

Fundi aliisoma fomu kuanzia juu mpaka chini, kisha akairudisha.

"Majibu ni yangu, sawa. Lakini mimi sikuwahi kupelekwa kliniki. Peremende zenu alikuwa anapewa dada."

Dada akaichukua kalamu.

"Nisamehe, nilitaka kwanza nione utaandika nini," alisema, macho yake hayabanduki kwenye macho ya mtafiti. "Sasa mama, kwa kuwa nimefaulu, naruhusiwa kuacha kutabasamu?"