Mafundo ya Mpole

Mpole alifunga fundo jingine, akakata uzi, akasogea pembeni. Daktari bingwa akalivuta kwa koleo. Halikutikisika.

"Lingine," akasema.

Kipande cha nyama kwenye ubao kilikuwa kimejaa mafundo, na yote yalishika. Mkuu wa idara, aliyeketi karibu na dirisha, alimtazama bingwa kama anayeuliza anatafuta nini zaidi.

Bingwa alikuwa anatafuta kosa.

Wiki iliyopita mshona nguo mmoja, aliyeolewa mwaka huu huu, aliondolewa uvimbe kwenye kizazi. Jioni akaanza kuvuja damu ndani kwa ndani. Walipomfungua tena walikuta fundo limelegea na mshipa umeachia. Maisha yake waliyaokoa, kizazi hawakuweza. Kwa mujibu wa taarifa, mpasuaji alikuwa Mpole, daktari anayesomea ubingwa, na msimamizi wake mezani alikuwa bingwa huyu, aliyemfundisha tangu alipoingia.

Idara ilikuwa imeacha mtindo wa kupandisha madaktari kwa kuhesabu miaka. Siku hizi daktari alipimwa kwa kile mikono yake inachokiweza mbele ya macho ya mkufunzi, kisha mkufunzi ndiye aliyeamua: aachwe apasue peke yake, au bado asimamiwe. Ndiyo maana Mpole aliitwa kupimwa upya. Mkuu alipomuuliza kuhusu siku ile, alijibu tu kwamba alikuwepo mezani na hana la kuongeza. Wauguzi hawakumpa jina la Mpole bure.

Bingwa hakuwa amepata usingizi wa maana tangu siku ile. Kila asubuhi alipita wodini kwa mshona nguo, akamkagua kidonda, akakwepa macho yake. Mume wa mgonjwa alimshika mkono akamshukuru, akasema si walimu wote wanaobeba mzigo wa wanafunzi wao. Bingwa aliuchomoa mkono wake, akaharakisha kwenda kitanda kinachofuata.

"Mimi naona mikono imeiva," mkuu alisema. "Lakini mkufunzi ni wewe. Uamuzi ni wako."

Bingwa aliyatazama mafundo. Alimfikiria yule mume, akakifikiria kikao cha uchunguzi kilichokuwa kinamsubiri, akalifikiria jina lake mwenyewe na jasho alilolitoa kulijenga.

"Bado," akasema. "Arudie miezi sita, chini ya usimamizi."

Mkuu alishusha pumzi, akaandika, akatoka.

Walibaki wawili. Mpole alianza kukusanya vipande vya uzi mezani, kama mtu anayefuta makombo baada ya chakula. Bingwa alitamani angalau alalamike, au aupige ubao kwa ngumi. Hasira ingekuwa nafuu. Lakini Mpole alivua glavu taratibu, akaziweka kwenye ndoo ya taka, kisha akauliza ni nani atakayemsimamia.

"Mimi," bingwa alijibu, macho yakiwa sakafuni.

Mpole aliitikia kwa kichwa.

"Sawa, mwalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Ila safari hii mshipa ukivuja, usininyang'anye uzi. Niache nifunge mwenyewe."